Mawimbi Kichwani mwa Plaifa

Chumba cha kupimia ubongo kilikuwa mwisho wa korido, upande unaotazama mto, na mtu akiingia humo mchana wa mvua alihisi kana kwamba amekanyaga ndani ya ndoto ya mtu mwingine. Mapazia yalikuwa ya buluu nzito. Feni ya darini ilizunguka taratibu kama inayosinzia. Nje, Mekong ulikuwa umefura, maji yake rangi ya chai ya maziwa, na ukingo wa Laos ukionekana na kupotea, ukionekana na kupotea, kadiri ukungu ulivyopenda.

Inspekta Phikun aliketi kwenye kiti cha mzazi na kutazama skrini. Mistari myembamba ilikuwa ikipita, mmoja juu ya mwingine, ikipanda na kushuka bila sauti.

"Huyu ni Plaifa, siku ya kipimo cha pili," alisema Daktari Khwanchit, mama mwenye miwani iliyoning'inia kwa mkufu, ambaye utafiti ule ulikuwa wake tangu mwanzo. "Angalia alivyotulia. Mara ya kwanza aling'oa kofia ya nyaya akamng'ata nesi, mpaka wakamfunga mikono. Mara hii alikaa kama maji ya mtungini."

"Na siku iliyofuata mama yake akashindwa kumwamsha."

"Ndiyo," Daktari alisema, na sauti ikamshuka.

Hayo yalikuwa yanajulikana mji mzima wa Nong Khai. Plaifa alikuwa na miaka minane, mtoto wa usonji, asiyesema neno. Alikuwa mmoja wa watoto waliokuwa wakipewa matone ya mafuta yaliyokamuliwa kutoka kwenye bangi, ile sehemu isiyolevya, ili madaktari waone kama yatawapunguzia mahangaiko na yatabadilisha nini kwenye umeme wa ubongo. Nusu yao walipewa mafuta yenyewe, nusu mafuta matupu ya nazi, na hakuna mzazi aliyejua mwanawe yuko upande gani. Kisha Plaifa akaletwa hospitali amelegea, pumzi ikihesabika. Damu yake ilikutwa na dawa ya usingizi. Chupa ya mafuta iliyochukuliwa nyumbani ikapimwa kwenye maabara ya Khon Kaen ikaonekana safi. Basi kidole kikamwelekea mama mtu, Sudjai, muuza wali wa kunata wa kuchoma, na Sudjai akawekwa mahabusu tangu wiki iliyopita.

"Daktari, haya madogo madogo yanayokimbia ni nini?" Phikun aliweka ukucha karibu na skrini. Juu ya mawimbi mapana kulikuwa na mengine membamba, ya haraka, kama mvua ndogo juu ya mto.

Daktari Khwanchit alitabasamu kwa mara ya kwanza. "Hayo ndiyo yaliyokuwa yakininyima usingizi kwa furaha. Yanatokea mbele ya kichwa. Kwenye kipimo cha kwanza, kabla ya mafuta, hayakuwepo. Cha pili, yamejaa tele. Nilishaanza kuandika kwamba ni kazi ya mafuta."

"Yapo kwa watoto wote?"

"Wote niliowaangalia."

"Hata wale wa mafuta matupu?"

Siri ya nani amepewa nini ilikuwa imefunguliwa juzi tu, kwa amri ya mahakama, na katika mshikemshike ule hakuna aliyerudi kutazama mawimbi upya. Daktari alivaa miwani. Akaita rekodi ya mtoto wa mafuta matupu, kisha ya mwingine, kisha ya mwingine. Mvua ndogo ilikuwa ikinyesha juu ya kila mto.

"Huenda ni misuli tu, Daktari," sauti ilisema kutoka pembeni. Alikuwa Thirawat, fundi wa mashine ile, kijana mrefu mwenye viganja vikubwa, ambaye muda wote alikuwa akifumua nyaya zilizosokotana. "Mtoto akikunja paji la uso, mashine huandika hivyo hivyo."

"Misuli huandika ovyo, Wat. Haya yana mpangilio."

"Nimesema huenda."

"Kuna kitu gani kingine kinacholeta mawimbi ya namna hii?" Phikun aliuliza.

Daktari alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Dawa za usingizi," alisema polepole. "Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa tatu analijua. Nilikuwa natafuta kitu, afande, nikakiona. Sikujiuliza tena."

Feni iliendelea kusinzia. Thirawat aliinama kuokota waya uliomponyoka.

*

Sajini Bunloet alikuwa akimngoja Phikun chini ya paa la maegesho, bakuli la saladi ya papai bichi mkononi na machozi ya pilipili machoni.

"Usinihurumie, afande, silii kwa ajili ya kesi," alisema. "Nimetoka kwa yule mzee wa duka la dawa sokoni. Anaapa Sudjai alimwendea kuuliza dawa ya kumlaza mtoto."

"Lini?"

"Kabla ya Mwaka Mpya, ile sikukuu ya kumwagiana maji. Mzee alimnyima, akamwambia nenda hospitali. Akaenda hospitali, ndipo mtoto akaingizwa kwenye utafiti wa mafuta."

"Kwa hiyo alinyimwa, akatii, akaenda alikoelekezwa."

"Kanali wetu kituoni anasema aliyeomba dawa kwa huyu anaweza kuiba kwa yule."

"Kanali akiibiwa baiskeli atasema imejiendesha. Maliza kula, twende."

Bunloet alifuta midomo. "Kwani umepata nini huko juu?"

"Watoto wote walipewa dawa ya usingizi. Nusu ya mama zao hawajuani. Mmoja anatoka Bueng Kan, mwingine Udon. Sasa niambie, wanakutana wapi?"

Sajini aliangalia juu, kwenye dirisha la mapazia ya buluu, akaacha kutafuna.

*

Chumba cha mahojiano kituoni kilikuwa na dirisha moja lenye nyavu. Mvua ililia juu ya bati kwa sauti moja isiyokata, na Sudjai aliingia humo akitembea kama mtu anayepita majini. Alikuwa mwanamke mdogo wa mwili, mikono yake ina alama za kuungua na mkaa. Kwenye kifundo cha mkono wa kushoto alikuwa amejifunga uzi mweupe wa baraka.

"Mama Plaifa, keti," Phikun alisema. "Umekula?"

"Nimekula, afande. Mwanangu amekula?"

"Anakula. Jana alitupa sahani mbili ukutani, nesi akasema hiyo ni dalili nzuri."

Sudjai alicheka bila kutaka, kisha akaziba mdomo. "Walimpa kitu cha rangi. Waambie hali chakula chenye rangi. Wali, tofu, ute wa yai. Samaki akiwa mweupe kabisa. Ukitia hata jani la kitunguu, umekosana naye mchana kutwa."

"Na matone ya mafuta ulimpaje?"

"Kwenye kijiko cha tui la nazi. Ndilo linaficha ile rangi."

"Siku ya kipimo, nataka unisimulie polepole. Kuanzia mlangoni."

Alisimulia. Walipanda basi la alfajiri. Plaifa alipiga kelele mapokezini kwa sababu ya taa zinazopepesa. Nesi akasema tena yale aliyosema mara ya kwanza, kwamba mtoto asiyekaa na kofia hatatoa kipimo, na asiyetoa kipimo itabidi aondolewe, nafasi apewe mwingine. "Nikamsihi yule nesi. Nikamsihi kila mtu. Afande, wewe hujui. Tangu aanze yale mafuta, mwanangu alikuja akaniwekea kichwa mapajani. Mwenyewe, bila kuitwa. Nilikaa hivyo mpaka miguu ikafa ganzi, naogopa kusogea." Alijipangusa pua. "Mtu ataniambia niyatupe?"

"Kisha?"

"Kisha kaka Wat akatoka. Ana maneno matamu kwa watoto, yule. Akanambia, dada, nenda kapumzike kantini, nitamtuliza mwenyewe. Niliporudi ametulia."

"Alimtulizaje?"

"Kwa tui la baridi, lina sukari kidogo. Huwapa wote, kwenye vikombe vya karatasi. Plaifa hapokei kitu kwa mgeni, lakini kile kilikuwa cheupe. Nilikuta vikombe viwili vitupu miguuni pake." Mvua ikaendelea kulia. Kisha macho yake yakapanda taratibu mpaka usoni kwa Phikun. "Afande. Kwa nini unaniuliza habari za tui?"

"Kwa sababu hakuna aliyekuuliza," Phikun alisema.

*

Thirawat hakukimbia wala kutoa jasho. Phikun na Bunloet walimkuta jikoni mwa wodi akisuuza brashi za gundi ya nyaya.

"Ndiyo, nawapa tui," alisema. "Mtoto mwenye kinywa kitamu hapigi kelele. Naruhusiwa."

"Kuna nini ndani yake?"

"Nazi, sukari, barafu. Jaribu kesho nikitengeneza."

"La siku ile liko wapi?"

"Afande, lilishakwisha."

"Plaifa alikunywa vikombe viwili. Kwa nini viwili?"

"Kimoja alikimwaga nusu." Alijibu haraka, kisha akatazama brashi aliyoshika kama inamshangaza. "Watoto humwaga."

Hapakuwa na kikombe, hapakuwa na tui, na kabati la dawa la wodi lilikuwa likifunguliwa na watu wengi kiasi kwamba kumshika mmoja kungekuwa kushika moshi. Phikun alimwacha na brashi zake, akamfuata Daktari Khwanchit ofisini, Bunloet nyuma yake.

"Jambo moja linanikwama," alisema. "Kama wote walikunywa, kwa nini azame Plaifa peke yake?"

Daktari alikuwa ameshalifikiria. Uso wake ulikuwa umechoka. "Dawa ya usingizi huvunjwavunjwa na ini. Haya mafuta nayo huvunjwa huko huko. Yakiwa mengi, yanalishughulisha ini, na ile dawa inabaki kuzunguka mwilini. Mtoto wa mafuta matupu angelala kwenye gari na kuamka jioni. Mtoto wa mafuta yenyewe angelegea mpaka kesho yake. Na mama zao walinipigia simu kunishukuru, wakasema mafuta yamewapa watoto usingizi." Alijishika paji la uso. "Plaifa ana mafuta yenyewe, na mwili wa mtoto wa miaka mitano. Halafu vikombe viwili. Na usiku ule mama yake akampa matone yake, kama nilivyomwagiza mimi."

"Mahakamani utaapa kwamba mawimbi yale ni ya dawa ya usingizi?"

"Wakili yeyote ataniuliza, una hakika gani si ya mafuta yakichanganyika na usonji wenyewe? Na kuhusu watoto wa mafuta matupu, atasema chupa zilichanganywa. Nitasema nini?"

"Sasa hivi Plaifa anapewa mafuta?"

"Tulimrudishia chupa ilipoonekana safi. Alikuwa anajing'ata mikono."

"Na dawa ya usingizi imeshamtoka?"

"Zamani."

"Basi mpime leo," Phikun alisema. "Ana mafuta, hana dawa ya usingizi. Mawimbi madogo yakiwepo, ni ya mafuta, nami nitamwomba radhi Thirawat. Yasipokuwepo, mtu aliwatia dawa mwilini chumbani mle."

"Hatakaa, afande. Bila kutulizwa hakai. Umesahau alivyomng'ata nesi?"

"Mimi sitamvalisha," alisema Phikun. "Bunloet, kamlete Mama Plaifa."

*

Sudjai alifika na harufu ya mvua, bila pingu, maana Sajini alikuwa amezisahau makusudi. Plaifa alikuwa amejikunyata chini ya meza ya chumba kile cha buluu, akijipiga kidevu kwa kiganja, pap, pap, pap. Alipomwona mama yake hakukimbia kumlaki wala hakumtazama usoni. Aliacha tu kujipiga.

Sudjai hakumgusa. Alikaa sakafuni mbali kidogo, akamtazama fundi. "Kaka Wat, niletee hiyo kofia."

Thirawat aliileta. Phikun alikuwa amemtaka awepo, kwa kuwa hakuna mwingine aliyejua kuifunga.

"Nivalishe mimi kwanza."

"Wewe, dada?"

"Kwani kichwa changu kina miba? Nivalishe."

Alimvalisha. Alimpaka gundi baridi katikati ya nywele, kila kidoa mahali pake, nyaya zikamshukia Sudjai mgongoni kama nywele za rangi nyingi. Sudjai alianza kuimba wimbo chinichini, ule wanaouimba wazee wanapoiita roho ya mtoto aliyeshtuka irudi nyumbani: njoo roho, usikae msituni, usikae mtoni, wali umeshaiva. Aliimba mstari ule ule, akarudia, akarudia, mpaka sauti ikawa kitu kimoja na mvua na feni. Plaifa alitoa kichwa chini ya meza. Akanyoosha kidole, akagusa waya mwekundu mgongoni kwa mama yake. Akagusa wa kijani. Akausikiliza, kana kwamba una habari ndani yake.

Mwishowe akamwekea mama yake kichwa mapajani.

"Sasa," Sudjai alinong'ona. "Nivue. Polepole. Mwanzie nyuma, hapendi kuguswa mbele."

Thirawat alimvalisha mtoto, kidoa baada ya kidoa. Ilichukua muda mrefu. Mara mbili Plaifa aliinua mkono kuing'oa, na mara mbili mama yake aliimba mstari kwa sauti ya juu kidogo, mkono ukashuka. Daktari Khwanchit aliwasha mashine.

Mistari ilianza kupita. Phikun alisogea karibu na skrini, na kwa kitambo hapakuwa na kitu duniani isipokuwa yale mawimbi ya kichwa cha mtoto, mapana, ya polepole, yakija moja baada ya jingine kutoka mahali ambapo hakuna aliyewahi kufika. Aliyatafuta yale madogo. Alitafuta mbele ya kichwa, pembeni, nyuma.

"Daktari?"

"Hayapo," Daktari alisema. Machozi yalikuwa yakimdondoka kwenye miwani na hakuyafuta. "Hakuna hata moja. Huu ni ubongo wake mwenyewe."

Thirawat alikuwa bado amepiga magoti karibu na mtoto, chupa ya gundi mkononi. Alimtazama Plaifa ndani ya kofia ile, akiwa macho, akicheza na uzi mweupe kwenye kifundo cha mkono wa mama yake.

"Nilidhani hawawezi," alisema.

"Hawawezi nini?" Phikun aliuliza.

"Kila kipimo walikuwa wanalia, wanafungwa mikono kwa shuka. Mama zao nje ya mlango, nao wanalia. Kisha anaambiwa, mwanao ameshindwa, rudi Bueng Kan. Nilichukua dawa wodini, kidogo kidogo. Kidogo sana, afande. Nilijua kipimo chake. Sikujua habari za ini." Aliiweka chupa chini kwa uangalifu. "Alipomwaga kile kikombe sikujua amekunywa kiasi gani. Nikampa kingine, kwa sababu wewe, dada, ulikuwa umenishika mkono pale mapokezini ukanisihi."

"Nilikusihi unisaidie," Sudjai alisema.

"Ndiyo."

"Nikafungwa. Nikaambiwa nimemlisha mwanangu sumu. Wewe ulikuwa hapa hapa unaosha brashi."

Thirawat aliunganisha viganja, akainama mpaka paji la uso likagusa sakafu mbele yake. Sudjai hakumwinua, wala hakumsukuma.

"Ungeniuliza," alisema. "Mtoto ni wangu. Ungeniuliza tu anapenda nini."

Bunloet alimshika fundi mkono, wakatoka. Nyayo zao zikafifia koridoni. Phikun alisaini karatasi ya kumwachia huru Mama Plaifa, juu ya goti lake, kwa kuwa meza ilikuwa imejaa nyaya. Daktari Khwanchit alisema kwa sauti ndogo kwamba utafiti utasimama, kwamba kila alichoandika itabidi akifute, kwamba wazazi wote wataitwa waambiwe ukweli, na kwamba yeye mwenyewe ndiye atakayewaambia.

"Na mafuta?" Sudjai aliuliza.

"Sijui, dada. Kwa kweli sijui tena yanafanya nini na hayafanyi nini. Itabidi tuanze upya."

"Mkianza, nitamleta."

Mvua ilipungua. Mwanga wa buluu ukawa laini zaidi, na joto la watu wengi katika chumba kidogo likaanza kuwalevya. Kope za Plaifa zililegea. Kwenye skrini mawimbi yalitanuka, yakawa marefu na mazito, kama mto unapoacha miamba na kuingia bondeni.

"Tazama," Daktari alinong'ona. "Analala. Huu ni usingizi wake, haukutiwa na mtu. Mwache alale, amechoka."

Sudjai alimtazama mwanawe. Aliweka kidole chini ya pua ya mtoto, akahisi pumzi. Akakiondoa. Akakirudisha. Kisha akamshika bega, akamtikisa.

"Plaifa," alisema. "Plaifa, mwanangu. Amka kidogo."

Mtoto alifumbua macho, akakunja uso, akayafumba.

"Mwache, Mama Plaifa," Phikun alisema. "Yuko salama."

"Najua," Sudjai alisema, na akamtikisa tena.